Mzizima ya Sultani Majid

Kabla ya miaka ya 1860 Mzizima ilikuwa kijiji cha wavuvi na wakulima tu. Kisha Sultani Majid bin Said wa Unguja akaipenda bandari yake: maji yametulia, mlango mwembamba. Akajenga kasri, akapaita Dar es Salaam, na mwaka 1867 akawakirimu huko makonseli wa Ulaya na Marekani.

Nyumba ya wageni wake, Boma la Kale, bado imesimama ikitazamana na bandari, kuta zake nene za mawe ya matumbawe na chokaa.

Watu wa Singida wasidhani hii ni hadithi ya pwani peke yake. Majid hakutafuta mapumziko tu. Aliitaka pia misafara ya pembe za ndovu kutoka Unyamwezi, ile iliyokatiza Mgunda Mkali, pori la kiu upande wa Manyoni, wapagazi wakiwa na mizigo mabegani. Na minazi iliyoupamba mji wake ilihudumiwa na watumwa. Hilo lisisahaulike hata kidogo.

Majid alifariki mwaka 1870. Ndugu yake Barghash akaupa mji kisogo, majengo yakachakaa, mpaka Wajerumani walipofika mwaka 1887.