Tabibu na Atazame Nyayo

Imekita katika nyoyo za wengi wetu hapa Matinyani, na kwingineko Kitui na Makueni, dhana kwamba saratani ya ngozi ni maradhi ya Wazungu, na kwamba mtu mweusi, kwa rangi aliyojaliwa na Mola wake, amekwisha kusalimika nayo. Ni kweli kwamba weusi wa ngozi hupunguza madhara ya jua. Lakini kinga hiyo hawanayo ndugu zetu wenye ualbino, ambao hesabu ya watu ya mwaka 2019 iliwapata 9,729 nchini Kenya, wala haizuii melanoma, saratani kali ambayo kwa watu weusi aghalabu huchipuka mahali jua lisipofika: wayoni, kiganjani, au chini ya ukucha. Ndiyo iliyomwanza Bob Marley katika kidole cha mguu, ikagunduliwa mwaka 1977, naye akafariki tarehe 11 Mei 1981, akiwa na umri wa miaka 36.

Mkulima wetu, aonapo doa jeusi wayoni, ni mwepesi wa kudhani kuwa ni mwiba uliovunjikia humo, akalistahimili hata likawa donda. Dawa ya taksiri hiyo ni uchunguzi wa mwili mzima, ambapo tabibu, kwa kuchunga staha ya mgonjwa, humtazama tangu utosini hata baina ya vidole vya miguu, kisha kila doa la shaka akalipima kwa dermoskopi, lenzi ndogo ya mkononi yenye taa yake, ikuzayo takriban mara 10. Ngozi ya wayo ina matuta na mifereji mfano wa mashamba yetu ya milimani: rangi ikifuata mifereji, aghalabu ni salama, ikitanda juu ya matuta, ni hatari, na hapo kipande cha nyama hukatwa kikapimwe maabarani, ili hukumu iwe ya yakini.

Elimu hii si ya madaktari bingwa peke yao. Tangu mwaka 1992 kituo cha Moshi, nchini Tanzania, kimekuwa kikiwafunza matabibu wa kawaida maradhi ya ngozi. Basi Serikali ya Kaunti ya Kitui na iwapeleke matabibu wake wakasome, iwape lenzi hizo, na kila mwenye ualbino achunguzwe mara kwa mara bila ya malipo. Nawe msomaji, ukifika zahanatini na doa usilolielewa, vua viatu, udai kutazamwa.