Daftari la Wiki: Baa ya Kona Isiyo na Jina

MNARA

Imerudi tena kwenye makundi ya simu ile picha yenye maandishi mekundu: "Dar es Salaam 1952, mji ulipokuwa mji." Katikati ya picha, wima kabisa, umesimama Mnara wa Saa. Mnara huo ulijengwa 1961, Dar es Salaam ilipopewa hadhi ya jiji. Aliyenitumia ni mwalimu wa historia. Nimemshukuru.

KORIDO

Hoteli moja kubwa hapa mjini imetundika picha za Dar ya kale, tena kwenye fremu za gharama, njia nzima ya kwenda msalani. Nilizitazama kwa raha zangu mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepotea.

RANGI

Sasa kuna hawa wanaotia rangi picha za zamani kwa akili mnemba. Wiki hii nimeletewa Sanamu ya Askari akiwa amevaa kaki mpya iliyopigwa pasi, uso wa kahawia, buti nyeusi. Mashine imeona mtu mwenye bunduki ikamvalisha. Askari yule ni wa shaba tangu aliposimamishwa 1927, na hajawahi kubadilisha nguo.

Ningecheka tu, kama si ile kazi ya pili wanayoiita kusafisha. Mashine ikikuta madoa madogo juu ya duka, haijui kwamba yale madoa ni herufi. Inayanyoosha, inayang'arisha, inakurudishia maandishi maridadi ya lugha isiyozungumzwa popote. Kibao kilichokuwa kinasomeka kwa lenzi na subira kimekwisha. Halafu nakala iliyosafishwa ndiyo inayosambaa, kwa sababu inapendeza, na ile chafu yenye ukweli inafutwa ili simu ipate nafasi.

NANI ANAIJUA BAA HII?

Katika bati la biskuti aliloacha marehemu mjomba, ndugu wamekuta picha ndogo yenye kingo za meno meno. Vijana watatu wamesimama kwenye kona ya mtaa: suruali pana, mashati meupe, na mmoja ameshika sigara ambayo mama yake hakutakiwa kuiona. Nyuma yao kuna mlango wa baa. Kibao cha ukutani kimezibwa na vichwa vyao, zimebaki herufi za mwisho tu: "...TEL & BAR". Nyuma ya picha hakuna hata neno.

Mama mkubwa alitoa hukumu papo hapo: Acacia Avenue. Binamu aliye Toronto naye akaandika: Acacia. Mzee mmoja wa Gerezani, fundi cherehani mstaafu, aliipindua picha, akaiweka mbali na macho, akaileta karibu, akasema, "Acacia gani yenye vumbi?"

Hapo ndipo uchunguzi ulipoanza.

Kila picha ya Dar isiyojulikana hupelekwa Acacia, kwa kuwa Acacia ndiyo Dar iliyopigwa picha mno. Wajerumani waliiita Unter den Akazien, Waingereza wakaiita Acacia Avenue, baada ya uhuru ikawa Independence Avenue, leo ni Samora. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Mjerumani Walther Dobbertin alilizunguka koloni zima na kamera yake. Picha zake zimehifadhiwa Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani, ambayo mwaka 2008 iliachia makumi ya maelfu ya picha inazohifadhi zitumike bure mtandaoni. Baada yake wakaja watengenezaji wa kadi za posta. Kadi hununuliwa na mgeni, na mgeni hununua picha ya mahali alipofikia: hoteli, benki, bandari, barabara yenye miti. Kwa hiyo vichwani mwetu sote Dar ya zamani ina mtaa mmoja, na picha yoyote iliyopotea njia tunaielekeza huko.

Acacia yenyewe haisumbui kuitambua. Askari yupo, na bunduki yake inaelekea bandarini. Ukiona singe inaelekea wapi, umeshajua mpiga picha alisimama upande gani. Ukiona mahali pale sanamu ya gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, badala ya Askari, basi Waingereza hawajaingia mjini. Waliingia Septemba 1916. (Wissmann alipelekwa Hamburg, ambako wanafunzi wa chuo kikuu walimwangusha mwaka 1968. Wengine huangushwa mara mbili.) Benki nazo zinajitaja. Kibao cha Barclays au cha Grindlays kinakwambia picha ni ya kabla ya Februari 1967, maana baada ya Azimio la Arusha mabenki yalitaifishwa na NBC ikazaliwa. Na ukiona Hoteli ya Kilimanjaro kule mbele ya bahari, usithubutu kusema hamsini na ngapi. Hoteli ile ilifunguliwa 1965.

Kwenye picha ya mjomba hakuna Askari wala benki. Kuna barabara ya vumbi, nguzo ya umeme, na ukingoni kabisa nyuma ya basi linalotoka kwenye fremu. Mzee wa Gerezani alilitambua kwa umbo: DMT, mabasi yaliyoanza kazi mjini 1949 na kutaifishwa 1970, kabla ya UDA na Ikarusi za kumbakumba. Juu ya mlango wa baa, kwenye paji la nyumba, kuna mwaka uliochongwa kwenye saruji, kama walivyozoea wenye nyumba wa Kihindi: jina la familia, mwaka, nakshi kidogo. Jina limefunikwa na nguo zilizoanikwa. Mwaka unaonekana nusu, unaanza na 193. Mwaka wa paji unakupa umri wa nyumba, haukupi umri wa picha. Ila basi na nyumba kwa pamoja vimetubana kwenye miaka ya hamsini au sitini, upande wa Kariakoo ama kwenye mpaka wake. Vivuli ni vifupi na vimeangukia miguuni, kwa hiyo ni mchana kweupe. Mjomba alikuwa karani. Mama mkubwa alimeza mate.

Baa sasa. Waliitwa wazee wengine. Wa kwanza aliitambua bila kusita, akaitaja kwa jina la mwenye nyumba. Wa pili pia hakusita, akaitaja kwa jina la mhudumu, na akatabasamu kwa namna iliyomfanya mkewe akohoe. Wa tatu akasema hao wote hawajui kitu, ile ni "ya mwembeni". Pengine watatu wanazungumzia baa moja, pengine tatu. Hakuna hata mmoja aliyetaja jina linaloishia na "tel". Jina la kibao lilikuwa la leseni. Wanywaji walikuwa na majina yao.

Nimelifikiria hili wiki nzima. Kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika alikatazwa na sheria pombe kali ya kizungu; yeye alipangiwa kilabu cha pombe ya kienyeji, chini ya macho ya manispaa. Kaunta ya hoteli ya Uzunguni haikuwa yake. Ajabu ni kwamba kaunta hiyo ndiyo tunayoweza kuisimulia leo, hatua kwa hatua: Kaiserhof ya Wajerumani, ikageuzwa New Africa Hotel na Waingereza, jengo la awali likavunjwa, jina likahamia kwenye ghorofa jipya. Kuna kadi za posta, kuna matangazo, kuna vitabu vya wageni. Baa ambamo mjomba asingekaribishwa ina wasifu kamili. Baa alikokunywa na rafiki zake haina hata jina la kuandika chini ya picha.

Nyaraka pekee za baa hizi zimo midomoni mwa wazee, na midomoni mwa makonda. Sikiliza daladala ya Sinza au ya Manzese: Afrika Sana, Friends Corner. Baa inaweza kufungwa na viti kuuzwa, lakini abiria atashushwa hapo kwa miaka mingine hamsini. Kwa Remmy ni kituo mpaka leo, na mwanamuziki Remmy Ongala alifariki 2010. Serikali ikitaka kujua mji ulistarehe wapi, iwaulize makonda kabla ya kuwauliza maofisa ardhi.

Mama mkubwa kaishika ile picha, kasema neno moja la mwisho kabla ya kuirudisha kwenye bati: "Alikuwa ananiambia ana kikao."

VITI

Kanuni ndogo ya bure: picha ya baa yenye viti vyeupe vya plastiki si ya enzi za TANU.

KANGA

Kabla ya kugombania mtaa, hakikisheni picha haijageuzwa kushoto-kulia. Negativu za zamani huchapwa upande usio sahihi mara nyingi kuliko mnavyodhani, na kona ya kulia inakuwa ya kushoto, na wazee wanagombana bure. Angalieni vifungo vya shati la mwanamume. Angalieni saa ya ukutani. Bora zaidi, angalieni kanga: kama maandishi yanasomeka kinyumenyume, jibu mnalo. Na herufi zenyewe zinasema jambo, maana maneno ya kanga yalianza kwa herufi za Kiarabu, za Kirumi zikaja baadaye. Wataalamu wa magari wako wengi kwenye mabishano haya. Wasomaji wa kanga hawaitwi, kwa kuwa wengi wao ni bibi zetu na tumewaacha jikoni.

FORODHANI

Kwa picha za Unguja kipimo ni rahisi kuliko vyote. Mnara ukiwa umesimama peke yake mbele ya jumba la Beit al-Ajaib, ni kabla ya Waingereza kuupiga mji mizinga Agosti 27, 1896. Mnara ukiwa umeungana na jumba lenyewe, ni baada ya hapo.

Tangu Desemba 25, 2020 kuna kipimo cha tatu. Siku hiyo sehemu ya mbele ya jumba ilianguka na mnara wake, na watu wakapoteza maisha. Kipimo hicho sikukitaka.

UTULIVU

Msomaji ameniandikia kwamba mji wa zamani ulikuwa mtulivu, "tazama picha zenyewe, hakuna mtu barabarani." Ndugu yangu, sahani za kioo za wapiga picha wa mwanzo zilihitaji mwanga wa muda mrefu. Aliyesimama alitokea, aliyetembea aligeuka ukungu au alitoweka kabisa. Hamali mwenye gunia na muuza maji hawaonekani kwa sababu walikuwa kazini. Anayeonekana vizuri ni yule aliyekuwa na muda wa kuegemea nguzo.

VIBAO

Mwaka 2022, kabla ya sensa, tuliwekewa vibao vya anwani za makazi mpaka kwenye vichochoro ambavyo hata mbuzi hupita kwa kujiminya. Nilifurahi, na bado nafurahi. Ila nitaurudia wimbo wangu mpaka mhariri anikate: chini ya jina jipya, kwa herufi ndogo, andikeni na la zamani. Uhuru, zamani Kichwele. Lumumba, zamani New Street. Sokoine Drive, zamani City Drive. Ocean Road tuliibadilisha juzi tu, 2013, akaja Obama na kupewa barabara yake, na tayari wapo vijana wanaouliza hospitali ya Ocean Road imepewa jina hilo kwa nini.

Nairobi wana mzigo mkubwa kuliko wetu: Delamere Avenue ni Kenyatta Avenue, Government Road ni Moi Avenue, Hardinge Street ni Kimathi Street. Bila orodha hiyo mkononi, barua ya babu inayosema "tukutane Hardinge" haina maana kwa mjukuu anayepita Kimathi kila siku. Na mwaka 2021 walipoipa barabara jina la kiongozi wa wafanyakazi Francis Atwoli, kibao kilichomwa moto. Angalau kule wanasoma vibao.

GHOROFA

Jengo la Salamander, pale Samora na Mkwepu, lilivunjwa. Kila ninapopita napata hasira ileile, kwa hiyo siku hizi napita mtaa wa nyuma.

PENSELI

Ombi langu kwa kila nyumba yenye bati la biskuti. Wiki hii, wakati wazee bado wapo na wanakumbuka, geuzeni picha mwandike nyuma. Tumieni penseli laini; wino wa kalamu hupenya ukatokea upande wa pili kwenye paji la uso la babu. Andikeni mtaa kwa jina la wakati ule na la sasa. Andikeni baa kwa jina walilolitumia wanywaji, si la leseni. Andikeni nani amesimama wapi, na nani alilipa, kama inajulikana. Na kama pembeni ya babu kuna bibi ambaye si bibi yenu, mwandikeni naye jina lake kamili. Familia ikiuliza, semeni ni kwa ajili ya historia.