Njegere Zilikuja na Karatasi, Maharage Yanaondoka Bila

Mwishoni mwa 2015, kambi ya Nduta ilipofunguliwa tena kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi, nilipata ukarani katika ghala moja la chakula cha msaada Kibondo. Kazi haikuwa na maajabu: kalamu sikioni, daftari mkononi, hesabu magunia yanayoshuka kwenye lori, andika, tia sahihi. Gunia nililolizoea kuliko yote lilikuwa la njegere za manjano zilizopasuliwa, kilo 50, limeandikwa majina ya nchi ambazo sitazikanyaga. Zilikuwa zimepanda meli, zikashuka Dar es Salaam, zikapanda treni mpaka Isaka, zikapanda lori mpaka kwangu. Kila ziliposhushwa palikuwa na mtu wa kuzihesabu na karatasi ya kuthibitisha. Gunia likifika limechanika, nilijua limechanikia kipande gani cha safari.

Nje ya uzio wa ghala hilo akina mama wa Kibondo walikuwa wamepanga ndoo za maharage wakisubiri wateja.

Mkataba wangu ulipokwisha nilihamia Kasulu na kuingia kwenye biashara ya maharage. Nilijiona mjuzi wa usafirishaji. Mzigo wangu wa kwanza, magunia 80, niliupanga kama nilivyozoea kuona: lori mpaka kwenye reli, treni mpaka Dar. Lori lilifika relini Ijumaa usiku. Dereva alikuwa na mzigo mwingine wa kuwahi alfajiri, akashusha kwenye baraza ya stoo ya mtu binafsi tuliyokuwa tumekubaliana naye, akanipigia simu, akaondoka. Jumamosi mvua ikanyesha. Jumatatu nilikuta magunia 11 yameloa, mengine yameanza kuchipua, na matatu hayapo.

"Kaka, mimi nilishusha themanini," dereva akaniambia. Mwenye stoo naye: "Mimi sijapokea kitu, nimekuta mzigo barazani." Nimelifikiria jambo hili miaka kadhaa, na nadhani wote wawili walisema kweli. Lori lilikuwa na mwenyewe na stoo ilikuwa na mwenyewe. Baraza haikuwa na mwenyewe.

Ndiyo maana huwa nanyamaza kidogo wenzangu wanaposifia lami. Siikatai. Aliyesafiri kati ya Kibondo na Kasulu enzi za basi kusindikizwa na polisi wenye bunduki, na lori kulala kwenye tope siku mbili, hawezi kuikataa. Kilomita 63 za Kidahwe hadi Kasulu, na ile barabara ndefu ya Kabingo, Kibondo, Kasulu hadi mpakani Manyovu, zimetubadilishia maisha. Lakini lami inatibu ugonjwa wa umbali, na mimi hasara yangu sikuipata kwenye umbali. Niliipata pale mzigo ulipotoka mkono huu kwenda mkono ule.

Wafanyabiashara wa Kasulu wanalijua hilo bila kufundishwa, na dawa yao ni moja: pakia mzigo kwenye lori, usiushushe tena mpaka sokoni Dar. Ni zaidi ya kilomita elfu moja kwa matairi, huku reli iliyofika Kigoma mwaka 1914 ikipita jirani. Kila mtu anajua kwamba kwa safari ndefu na mzigo mzito behewa lililojaa ni nafuu kuliko lori. Ile tofauti tunayomlipa mwenye lori si ya mafuta peke yake, tunalipia usingizi.

Na maharage, jamani, ndiyo mzigo wa treni hasa. Yakikaushwa vizuri hayana haraka. Safarini yanaogopa maji zaidi. Chanjo ina haraka, ndiyo maana hupandishwa ndege. Ndizi mbivu ina haraka. Gunia la maharage likichelewa wiki moja chini ya bati zuri, hakuna mlaji wa Manzese, Dar, atakayejua.

Mkoa wetu wa Kigoma una ushahidi wake kwamba mzigo unaweza kubadilisha mikono bila kupotea, nao ni meli ya ziwani. Meli tunayoiita Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kufungwa kwenye makasha kama 5,000. Makasha yakapanda meli mpaka Dar es Salaam, yakapanda treni kuelekea Kigoma. Mwaka 1915 ikashushwa majini Kigoma. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe isichukuliwe na adui. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mimi kama karani sivutiwi sana na vita. Navutiwa na makasha. Meli haivumilii kupungukiwa. Lazima palikuwa na watu, tangu bandarini mpaka kwa mpokeaji wa mwisho, waliojua kila kasha limo mikononi mwa nani. Zaidi ya miaka mia baadaye, katika mkoa uleule, sikuweza kufuatilia magunia 80.

Sehemu ya lawama ni yetu. Gunia la msaada lilikuwa kilo 50, mtu mmoja anabeba, unalipanga juu ya chaga, unahesabu safu kwa macho. Sisi tunashindilia lumbesa mpaka gunia linavaa kofia, makuli wawili wanaliviringisha, na kila anayelipokea analipima kwa macho yake. Mzigo usio na kipimo kimoja hauwezi kuwa na karatasi moja. Nimewahi kuuza lumbesa, nakiri, na nilimuuzia mtu aliyejua.

Stakabadhi ghalani tunayo kisheria tangu 2005, na ni jambo jema. Lakini stakabadhi ile inalinda mzigo ukiwa ndani ya ghala. Gunia likivuka mlango, kazi yake imekwisha, na safari ndiyo kwanza inaanza.

Sasa reli mpya inakuja. Mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022, na Januari 2025 ukafuata wa kutoka Uvinza hadi Musongati, Burundi. Maana yake Uvinza, mji wa chumvi ulio kusini mwa Kasulu, utakuwa njia panda. Ninachohofia ni njia panda ya makontena ya watu wengine: yanakwenda Burundi na Kongo yamejaa, yanarudi kuelekea Dar mengi yakiwa matupu, na sisi tunayapungia mkono.

Ninachotaka Uvinza ni kitu kidogo: ghala lenye bati, chaga na mzani, na karani anayekuwepo Ijumaa usiku. Lipokee hata magunia kumi ya mkulima wa Makere huku Kasulu, liyachanganye na ya wenzake mpaka behewa lijae, na limpe karatasi moja itakayosomeka Uvinza na itakayosomeka Dar. Gunia likipotea, aliyetoa karatasi ndiye anayeulizwa. Vyama vya ushirika vinaweza kulisimamia, na mtu binafsi anaweza pia. Sina ugomvi na yeyote atakayeshika kalamu.

Rafiki yangu mwenye Fuso mbili ananicheka. Anasema lori linachukua mlangoni na kushusha mlangoni, reli haitafanya hivyo kamwe. Kwa Kibondo namkubalia nusu: maharage ya Kibondo yanayoliwa Kahama yapande Fuso yake, hakuna sababu ya kuyahangaisha. Yanayokwenda Dar yana Isaka njiani, palepale njegere zangu ziliposhuka. Na hata yeye Fuso zake zingepata tripu nyingi za Kasulu kwenda Uvinza kuliko hizi za Dar anazorudi nazo na springi zimekatika.

Wiki iliyopita nilipakia tena, moja kwa moja Dar, kwa lori. Magunia tunanunua yaliyotumika, ni bei rahisi. Nusu yake yalikuwa ya njegere za msaada, maandishi ya ng'ambo bado yanasomeka. Dereva akaniuliza kama nina karatasi yoyote ya kumpa. Nikamwandikia idadi nyuma ya risiti ya vocha.