Sauti ikishuka, karani anafikiri umemaliza

Mama mmoja aliyekimbia vita Masisi alikuwa amesimama mbele ya meza ya kuandikisha wahamishwa, hapa kando ya mji wa Goma. Karani alikuwa anauliza kwa Kifaransa tu. Mama alisoma mpaka sekondari, maneno alikuwa nayo. Akasema: « Je suis venue avec ma mère… » Karani akaandika watu wawili, akaita mtu wa nyuma yake. Kumbe mama alikuwa bado katikati ya jibu: « … et les quatre enfants de mon frère. » Watu sita wakapewa jetoni ya watu wawili.

Nilikuwa pale na kinasa sauti. Jioni nikasikiliza tena, mara na mara. Kosa la sarufi sikusikia hata moja. Tatizo lilikuwa kwenye neno « mère ». Mama alilisema jinsi sisi tunavyosema: « mé-re », sauti juu kwenye « mé », halafu chini kwenye « re ». Mfaransa, kama bado ana maneno, angepandisha sauti mpaka mwisho wa « mère » na kuirefusha kidogo, maana yake: ngoja, sijamaliza.

Kiswahili chetu kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa kila neno. Kifaransa hakifanyi hivyo. Kinakusanya maneno matatu au manne kama fungu moja, na uzito unaangukia silabi ya mwisho ya fungu zima. « Demain matin » sauti inapanda, « les enfants de Sake » inapanda tena, « iront à l'école » ndipo inashuka. Ni ngazi, si mteremko. Mwaka 1966 mtaalamu Pierre Delattre aliandika kwamba Kifaransa kina miondoko ya sauti kumi ya msingi, na miwili kati yake ni ya kusema tu kwamba maneno yanaendelea: mmoja mdogo, mwingine mkubwa.

Angalia hata maneno tuliyokopa. « Boutique » tumelifanya butiki, « l'hôpital » lopitali: tumeongeza « i » nyuma, na uzito ukabaki palepale Wafaransa walipouweka. Lakini « bureau » limekuwa biro, na uzito umerudi mbele, kwenye « bi ». Sikio letu linachukua neno la mgeni na kulivalisha nguo ya nyumbani. Si aibu, ndivyo lugha zote zinavyofanya. Shida inaanza pale nguo hiyo inapovalishwa sentensi nzima, mbele ya mtu mwenye kalamu.

Kuuliza kwa sauti peke yake, hilo tunalijua tangu zamani. « Mumepata. » « Mumepata? » Maneno ni yale yale. Kwa hiyo mwanafunzi wetu hachelewi kuelewa tofauti ya « Vous avez reçu la bâche » na « Vous avez reçu la bâche ? », hata kama mara ya kwanza anapandisha sauti mahali pa Kiswahili. Akikosea, anaona palepale kwamba hakujibiwa, na anajirekebisha. Ile sauti ya katikati ya sentensi ndiyo inachelewa, kwa sababu hakuna anayekusahihisha. Watu wanakukatisha tu, nawe unafikiri wana dharau. Wakati mwingine ni kweli wana dharau.

Wimbo wa lugha ndio mtoto anaupata wa kwanza kabisa. Mwaka 2009 watafiti walitangaza kwamba walinasa kilio cha watoto wachanga 60, nusu wa Wafaransa na nusu wa Wajerumani, wenye siku chache tu tangu kuzaliwa. Wale wa Kifaransa walilia kwa sauti ya kupanda, wa Kijerumani kwa sauti ya kushuka. Walikuwa wameanza kusikia tumboni. Mtoto wa Masisi au Kalehe amesikia tumboni Kihunde, Kinyarwanda au Kitembo, halafu Kiswahili cha sokoni. Kifaransa anakutana nacho kwenye ubao, kwa chaki, na chaki haina sauti. Kisha darasa zima linaitikia pamoja « Bonjour, maîîître », na wimbo huo ndio anaouchukua mpaka chuo.

Ndiyo maana inanikasirisha kusikia watoto wa mji wakimcheka mtoto aliyehamishwa kwamba « anaimba » Kifaransa, na mwalimu naye anatabasamu. Mtoto huyo anatoka katika lugha ambapo sauti ya juu au ya chini inaweza kubadilisha maana ya neno. Sikio lake ni kali kuliko la wengi wetu. Anayechekwa anafunga mdomo, na aliyefunga mdomo hajifunzi wimbo wowote.

Sisemi tuongee kama watu wa Paris. Kifaransa cha Kongo kina mwendo wake, na mimi naupenda. Nadai kitu kidogo: kabla ya imla, mwalimu asome sentensi moja, watoto waifuatishe kwa mdomo uliofungwa, mmm-mmm, bila neno hata moja. Petar Guberina wa Zagreb alijenga njia yake ya kufundisha kwa kutanguliza mdundo na sauti, tangu miaka ya 1950. Haihitaji kitabu, wala umeme. Mwenye redio ndogo nyumbani asikilize habari za Kifaransa na kuhesabu tu mara ngapi sauti inapanda kabla ya kushuka.

Na nyinyi wa mezani, Katiba ya 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa. Kukitumia si kosa la kazi.

Mama yule alirudi siku ya pili, hakusikilizwa. Siku ya tatu alikuta karani mwingine, kijana, aliyemwuliza kwa Kiswahili: « Mama, ni wote? »

« Bado », akajibu. Kijana akangoja.