Si Kila Homa ni Malaria: Tuwakumbuke Papasi

Mama mmoja mwenye mimba ya miezi saba aliletwa wodini kwetu akitetemeka kwa homa. Wiki moja kabla alikuwa amepimwa zahanati kwa kipimo cha haraka cha malaria, akaambiwa hana kitu, akapewa vidonge vya kutuliza homa. Siku ya tatu homa ikamwacha, akashukuru, akaenda shambani. Kisha ikarudi. Usiku ule alijifungua kabla ya wakati, na mtoto hakuishi. Asubuhi mpimaji wetu alipotazama damu ya mama kwa hadubini, aliona vijidudu vyembamba vilivyojikunja kama skurubu. Ilikuwa homa ya papasi.

Wenyeji wa Dodoma na mikoa jirani hawahitaji kuelezwa papasi ni nani. Ni jamaa wa kupe, lakini tabia zake ni nyingine. Kupe wa porini, kama yule aletaye ugonjwa wa Lyme huko Marekani na Ulaya, hung'ang'ania mwilini siku kadhaa, na mtu akijikagua anaweza kumwona na kumtoa. Papasi huishi ndani ya nyumba, katika nyufa za sakafu ya udongo na kuta. Hutoka usiku, hunyonya damu kwa muda mfupi, hurudi ufani. Anaweza kukaa miaka bila chakula, na humrithisha mtoto wake kijidudu kupitia yai. Basi kuihama nyumba kwa msimu mmoja hakusaidii kitu. Vijidudu vya magonjwa haya mawili ni ndugu. Cha papasi kimepewa jina la Joseph Everett Dutton, daktari Mwingereza aliyekufa huko Kongo mwaka 1905 kwa homa hiyo hiyo aliyokuwa akiichunguza.

Hatuwalaumu wenzetu wa zahanati. Kipimo cha haraka kimeokoa watu wengi, ila kinatafuta malaria tu. Zamani, kila homa ilipopimwa kwa slaidi, aliyekuwa akitafuta malaria aliweza kukutana na kijidudu cha papasi bila kukitafuta. Siku hizi hadubini nyingine zimefunikwa kitambaa pembeni. Sisi twaona hilo ni kosa katika sehemu zenye papasi. Mgonjwa ambaye homa yake imekwenda na kurudi, na kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, apimwe kwa slaidi, tena homa ikiwa imepanda, maana ndipo vijidudu huonekana katika damu. Nawe mgonjwa usione haya kuomba.

Haya ndiyo shida yetu nyingine. Tukimwuliza mama, "Nyumbani kuna papasi?" huinamisha macho, kana kwamba tumemwuliza kama anafagia. Mmoja alitujibu, "Sista, wapo hata kwa balozi!" Tulicheka naye, na kweli alitusaidia kuliko wale walionyamaza. Mgeni, kama mwalimu aliyehamishiwa kijijini, huugua vikali kuliko mwenyeji aliyezoea. Lakini wajawazito na watoto wadogo huumia hata wakiwa wenyeji.

Dawa zipo na zinaponya, ila zitolewe na mganga, si kununuliwa dukani kwa kukisia, kwa sababu zinazomfaa mwanamume hazimfai kila mjamzito. Saa chache baada ya dozi ya kwanza mgonjwa anaweza kutetemeka sana na homa kupanda. Ndugu wengine hukimbilia kusema dawa imemdhuru na kumtorosha wodini. Msifanye hivyo. Vijidudu vinakufa, na mgonjwa anatakiwa kuangaliwa mpaka hali itulie.

Nyumbani, sakafu ya saruji na ukuta uliopigwa lipu humnyima papasi maficho. Saruji ni ghali, tunajua. Anzeni na chumba anacholala mjamzito na watoto, zibeni nyufa hata kwa udongo, na kila ufa mpya ukitokea. Laleni juu ya kitanda kilichosogezwa mbali na ukuta, si mkekani chini, na chandarua chenye dawa kichomekwe chini ya godoro. Kuku wajengewe banda nje, kwa kuwa nao humlisha papasi. Ukitoka safari, kung'uta mikeka na mizigo uani, juani, kabla ya kuiingiza ndani.