Huruma Pekee Haimtoshi Msaidizi

Wiki hii tunapenda kutafakari pamoja nanyi swali ambalo vijana kadhaa wametuletea, hususan waliomaliza masomo na bado hawajapata ajira: je, nikubali kazi ya kuwasaidia watu wenye ulemavu wa akili? Mmoja ameitwa na kituo cha masista, mwingine ameahidiwa nafasi ya ulezi wa bweni katika shule yenye kitengo maalumu. Wapo pia waliotamani kuifanya kazi hiyo Uingereza, ambako baadhi ya ndugu zetu wanaifanya. Hao wafahamu kwamba tangu tarehe 22 Julai 2025 nchi ile imefunga mlango wa viza mpya kwa wahudumu wa malezi wanaoajiriwa kutoka ng'ambo. Wakala anayeendelea kudai fedha kwa ahadi hiyo na akimbiwe.

Kwanza kijana ajue anakwenda kumhudumia nani. Ulemavu wa akili si ugonjwa wa akili, ingawa mitaani mambo haya mawili huchanganywa kila siku. Mgonjwa wa akili huweza kutibiwa na kupata nafuu. Mwenye ulemavu wa akili amekuwa nao tangu utotoni, na unagusa uwezo wake wa kujifunza, kuelewa na kujimudu katika maisha ya kila siku. Chanzo chaweza kuwa kromosomu moja ya ziada, kama wanasayansi wa Ufaransa walivyobaini mwaka 1959 kwa wale wenye sindromu ya Down. Chaweza kuwa mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda ubongoni, au mama kupungukiwa madini joto wakati wa ujauzito. Mara nyingi chanzo hakijulikani kabisa. Laana ya ukoo haimo katika orodha hii, na kijana ambaye bado anatamka neno "zezeta" hata kwa utani, tunamwomba asubiri kwanza.

Tunapowauliza vijana hawa kwa nini wanaitaka kazi hii, karibu wote hujibu: "Padre, mimi nina huruma sana." Jibu hilo ni jema, lakini kwa maoni yetu ni sababu dhaifu. Huruma hupenda kutenda kwa niaba ya mwingine, ilhali sehemu kubwa ya kazi hii ni kujizuia kutenda. Tumfikirie mwanamume wa miaka 30 anayefunga vifungo vya shati lake. Anatumia dakika kumi. Msaidizi angeweza kuvifunga kwa nusu dakika, na uji unapoa mezani. Msaidizi anayejua kazi yake husimama kando, humfungia kile cha juu kilicho kigumu, vingine humwachia mwenyewe. Kesho hali ni ileile, na kesho kutwa. Huenda baada ya miezi sita mtu yule akakiweza na kile cha juu, na hapo hakuna mgeni atakayekuja kupiga picha.

Ndivyo ilivyo pia katika kuoga, kwenda msalani, kumfundisha binti kujihudumia wakati wa hedhi: jambo moja hugawanywa katika hatua ndogo, na kila hatua hurudiwa bila sauti kupanda. Wengi wao wana kifafa pia. Msaidizi lazima ajue kwamba anayeanguka halazimishwi kitu chochote kinywani. Huondolewa vitu vinavyoweza kumwumiza, hulazwa ubavu, saa huangaliwa, na degedege likipita dakika tano hupelekwa hospitali. Mambo haya hujifunzwa, hayaji kwa moyo mwema.

Tena kuna jambo zito zaidi, ambalo tunaliandika kwa uchungu. Msaidizi hupewa mamlaka makubwa juu ya mtu asiyeweza kushtaki kwa urahisi. Mwaka 2011 kamera iliyofichwa iliwaonyesha wahudumu wa Winterbourne View, hospitali binafsi karibu na Bristol, wakiwapiga na kuwadhalilisha wagonjwa wenye ulemavu huu. Wahudumu 11 walihukumiwa mwaka 2012, sita kati yao wakafungwa gerezani. Na katika nyumba yetu wenyewe, Jean Vanier, aliyeanzisha L'Arche mwaka 1964 katika kijiji cha Trosly-Breuil, Ufaransa, kwa kuishi na wanaume wawili aliowatoa katika taasisi, alisifiwa na wengi kama mtakatifu hadi alipofariki mwaka 2019. Uchunguzi ulioagizwa na L'Arche yenyewe ulibainisha mwaka 2020, na kwa upana zaidi mwaka 2023, kwamba kwa miaka mingi aliwadhulumu kingono wanawake, ingawa hao hawakuwa wenye ulemavu. Jumuiya hizo zinaendelea, hata hapa Afrika Mashariki, na kazi yao njema haifutiki. Lakini sifa ya utakatifu haiwezi kushika nafasi ya uangalizi.

Kwa hiyo kijana aulize maswali bila woga, hata mbele ya sista mkuu. Nani anawaogesha wasichana? Usiku tuko wangapi zamu? Nikiona ubaya, nimwambie nani aliye nje ya kituo? Mkataba uko wapi, na mshahara ni kiasi gani? Vipo vituo vya Kanisa vinavyolipa "kwa sadaka", na hilo hatulikubali. Msaidizi asiyelipwa huondoka baada ya miezi minne, naye aliyezoea sauti yake hukaa mlangoni jioni akimsubiri, maana hakuna aliyemweleza kwa namna anayoielewa. Anayetaka kukaa mwaka mmoja tu aseme mapema, ili kuaga kwake kuandaliwe kwa picha na kalenda.

Ushauri wetu ni kwamba kijana aende akakae wiki mbili kabla ya kusaini chochote, alale zamu moja ya usiku, na awepo Jumapili alasiri wageni wenye zawadi wakishaondoka. Akiona hawezi, aseme hawezi, wala asione haya. Wenye nia hiyo parokiani kwetu waje ofisini siku ya Jumanne. Tutawaandikia barua ya utambulisho kwa wiki hizo mbili tu.