Mlango Unaomwitikia Kila Mtu

Siku hizi hapa Kabanga twaona magari yaliyotumika, kutoka Japan, ambayo mwenyewe hatii ufunguo popote. Ufunguo umo mfukoni. Akikaribia mlango wafunguka, akibonyeza kitufe injini yawaka. Watu hushangilia. Nasi tulishangilia, mpaka tulipouliza: gari lajuaje kwamba mwenyewe yu karibu?

Kwa kweli halijui. Gari hutoa mwito wa redio usiofika mbali, na ufunguo huitika. Likisikia jibu, hudhani mwenyewe yupo. Basi wezi wawili watosha. Mmoja asimama nje ya dirisha na chombo chake, wa pili kando ya gari na chombo kingine. Mwito hupokezanwa mpaka chumbani ulimo ufunguo, na jibu hurudi njia ile ile. Gari laondoka, kioo hakikuvunjwa.

Jambo hili si geni. Mwaka 2011 wataalamu wa chuo cha ETH Zurich, Uswisi, walijaribu magari ya aina 10 kutoka kwa watengenezaji 8. Yote yalifunguka. Tena mwaka 2013 Volkswagen ilikwenda mahakamani London, ikawazuia wataalamu wasichapishe udhaifu wa chipu ya funguo. Habari ilitoka mwaka 2015. Ule ulikuwa udhaifu mwingine, na hoja yao ilikuwa kwamba wezi wangefundishwa. Sawa, na mwenye gari je? Yeye afundishwe lini?

Baadhi ya magari mapya sasa hupima muda wa jibu, na jibu lililozunguka mbali hukataliwa. Lakini mkulima aliyeuza kahawa na maharage miaka mingi ili apate gari la abiria la kwenda Kasulu hanunui gari jipya. Hununua lililochoka, na udhaifu wake ndani.

Twataka muuzaji amweleze mnunuzi wazi, kwa Kiswahili, kabla ya kupokea fedha, aina ya ufunguo na njia ya kuuzima. Njia ipo. Baadhi ya funguo za Toyota, ukishikilia kitufe cha kufunga na kubonyeza cha kufungua mara 2, taa humeta mara 4 na ufunguo hulala. Mwingine utiwe katika kopo la bati lenye kifuniko, lakini kopo lijaribiwe kwanza: simama nalo mlangoni pa gari, mlango ukifunguka, kopo halifai. Na ile fimbo ya chuma ya kufungia usukani, ambayo vijana huicheka, sisi twainunua.